Masahihisho ya Mkono wa Kushoto

9 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya tatu. Vipi hali yako, na mtoto je, kile kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nukta zangu bado naziweka mahali pake.

Umeuliza ninashindaje tangu nistaafu. Mwezi wa kwanza nilishinda nikisahihisha vitu ambavyo havikuomba kusahihishwa. Nilisahihisha maandishi ya kopo la maziwa. Nilisahihisha tangazo la maji lililobandikwa kwenye ngazi, kwa kalamu nyekundu, mpaka mwenye nyumba akaja kugonga milango akiuliza ni nani huyu asiye na kazi. Miaka thelathini na minne ya kusoma prufu za gazeti kabla halijachapwa haimtoki mtu kwa kukabidhi funguo za ofisi.

Basi nimejipatia kazi. Najifunza piano. Cheka, halafu endelea kusoma. Ghorofa ya chini anakaa mwalimu wa muziki, mstaafu mwenzangu, mjane, na piano yake imejaa sebule hata mgeni anaingia kwa ubavu. Yule mtaalamu wa viungo pale hospitali alisema vidole vya kushoto vinataka shughuli baada ya kile kiharusi. Nikaona heri shughuli yenye sauti. Mwalimu akaniuliza nataka muziki gani, nikamwambia bluzi, ule uliokuwa ukipigwa kwenye redio ya chumba cha mitambo wakati tunasubiri kurasa.

Ni muziki wa watu waliovuna pamba ya wengine. Una vipimo kumi na viwili, ukifika mwisho unarudi mwanzo. Mkono wa kushoto unatembea tu, hausimami, kama mtu anayewahi kazini. Mkono wa kulia ndio unaolalamika. Na kuna sauti moja wanaipinda makusudi, si sahihi na si kosa, iko katikati. Nikifika hapo natafuta kalamu nyekundu. Mwalimu ananiambia, "Mzee, hapo unaposikia kosa, kaa hapo hapo, usikimbie."

Mkono unaendelea vizuri. Zile habari zako za kuacha kazi uje kunilea uzifute kabisa.

Baba yako

27 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi huku hatujambo. Kikohozi kimekwisha, sasa Bosi hataki kulala mpaka abebwe. Nimempa jina hilo kwa sababu anatoa amri na hafanyi kazi.

Nimecheka mpaka fundi mwenzangu akazima mashine ya kusaga lenzi za miwani aulize kuna nini. Wewe, Baba, ukae kwenye kosa? Wewe uliyenibandikisha sahihisho kwenye mlango wa kabati la vyombo nikiwa na miaka tisa? Nalikumbuka neno kwa neno, maana uliniambia niandike kama ukurasa wa pili wa gazeti. "Jana tulisema biskuti zililiwa na paka. Ukweli ni kwamba nyumba hii haina paka. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Lilikaa wiki nzima. Kila mgeni aliyefuata glasi ya maji alilisoma, na mimi nilikuwa najificha nyuma ya pazia nikitamani ardhi ipasuke. Mama alikuwa anacheka, wewe hukucheka.

Sasa niambie. Mkono unaendelea vizuri, ni vizuri ya kweli au vizuri ya barua? Simu ya picha hutaki, eti unafanana na kitambulisho chako. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko chini ya trei ya fremu. Sitanii. Sina usingizi nikifikiria wewe na zile ngazi na mkono usiokamata chuma cha pembeni.

Ukitaka niifute, nitumie rekodi. Mikono miwili, nisikie mwenyewe.

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Natumaini mpo salama, na Bosi wako ameanza kuwahurumia wafanyakazi wake.

Rekodi nimekutumia kwa simu leo asubuhi, na maneno haya nayaleta kwa karatasi kama ilivyo desturi yangu. Tuliirekodi kwa Mwalimu. Simu tuliisimamisha ndani ya ndara, juu ya piano, maana ikiwekwa wazi inatetemeka na kuharibu sauti. Ndara yenyewe ni yangu, kwa hiyo ukisikia kitu kibaya usimlaumu Mwalimu.

Ni mikono miwili, kama ulivyoagiza. Kipimo cha tisa nimechelewa kidogo.

Kazi usiache.

Baba yako

15 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Nimeisikiliza mara ngapi sijui. Nyumbani, njiani, kazini. Kazini niliiweka juu kabisa, na tajiri wetu mwenyewe, yule asiyesifu hata lenzi iliyokaa kwenye fremu kama imezaliwa humo, alisimama mlangoni akasema, "Huyo mzee wako mkono wa kushoto unatembea vizuri kuliko mimi." Nikavimba kichwa siku nzima.

Kuna kitu kinagonga pia, tik, kila mkono wa kushoto unaporudi mwanzo. Nimekijua ni nini. Sisemi, nisije nikakuliza na wewe.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Nilikuwa nimeshaanza kuaga watu, Baba. Kumbe muda wote huo vidole vinafufuka huko.

Habari nyingine: Juni nina wiki moja ya mapumziko. Tunakuja, mimi na Bosi. Amefika kilo saba, na tangu azaliwe hujamwona zaidi ya picha. Sitaki zawadi, sitaki chochote. Nataka uje mlangoni umpokee mikononi kabla hata hujapokea begi.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi sijambo.

Karibuni. Lakini umeifikiria ile safari? Ni saa tisa kwenye basi, na mtoto bado mdogo, na nyumba yangu ngazi zake unazijua. Labda mngengoja akue kidogo, aanze hata kutembea. Nasema tu. Mkija, karibuni sana.

Baba yako

21 Juni

Shikamoo Baba,

Tulifika salama. Naandika hilo kwanza kwa sababu adabu yangu bado ninayo.

Tulipanga wiki moja, tukakaa siku mbili. Nilikudanganya kwamba kazini wameniita. Hawakuniita. Nilichukua begi langu nikaondoka kwa sababu nilikuwa nalia bafuni nimefungua maji usisikie, na mtu hawezi kuoga mara tano kwa siku.

Ulikuja mlangoni mkono mmoja mfukoni kama bwana harusi anayepigwa picha. Nikakunyooshea mtoto. Ukasema, "Mweke hapo kwenye kochi." Nikadhani hukujiandaa. Jioni nikakunyooshea tena, ukasema una mafua. Asubuhi nikajaribu tena, ukasema shati ni safi. Mara ya nne sikukunyooshea, nilimweka tu mapajani mwako, na wewe ulisimama, Baba. Ulisimama na mtoto anateleza. Nikamdaka mimi. Hukusema hata pole. Uliingia chumbani ukafunga mlango.

Nikakuomba basi tushuke kwa Mwalimu utupigie ule wimbo. Ukasema amesafiri. Nilimwona akianika nguo uani siku hiyo hiyo.

Mwaka jana nilipokuandikia kwamba nina mimba na sina mume, ulinijibu mistari minne. Ninayo mpaka leo, naijua kwa moyo. "Barua yako nimeipata. Wewe ni mtu mzima. Sina la kusema. Jitunze." Nilijikaza, nikasema atalainika, atamwona mtoto atalainika. Sasa umemwona.

Nimepitia barua zako zote tangu azaliwe. Kote umesaini Baba yako. Hujawahi kuandika Babu, hata kwa bahati mbaya. Na mtu aliyesoma prufu miaka thelathini na minne haruki neno kwa bahati mbaya.

Kama unamwonea mtoto wangu aibu, niambie waziwazi. Nitaacha kumleta.

Mwanao

8 Agosti

Mwanangu,

Sijui kama bado unapenda kuulizwa hali. Nauliza hata hivyo. Hujambo? Mtoto hajambo?

Barua hii nimeianza mara sita. Kila mara naanza na maelezo, na maelezo ni kichaka, nimesoma ya watu wengi nikayafuta. Kwa hiyo nimefanya kama nilivyokufundisha wewe.

SAHIHISHO. Katika barua yetu ya tarehe 3 Aprili tulisema kwamba rekodi iliyotumwa ilipigwa kwa mikono miwili ya mwandishi. Ukweli ni kwamba mkono wa kulia ulikuwa wa mwandishi. Wa kushoto ulikuwa wa Mwalimu, aliyekaa naye benchi moja. Mkono wa kushoto wa mwandishi ulikuwa umelala mapajani mwake, na haujapiga hata sauti moja tangu masomo yaanze. Tunaomba radhi kwa

Nimeshindwa kulimalizia. Neno usumbufu halitoshi, na sijui gazeti huandika nini likiwa limemliza mtu.

Mkono haukupona, mama. Vidole viwili vinasikia kidogo, vitatu havina habari. Kibaya zaidi ni kwamba ukiachia kitu hauniambii. Wiki moja kabla hamjafika niliinua birika kwa mikono miwili, nikaona maji sakafuni ndipo nikajua limeanguka. Nikaogopa. Uliandika mtoto ana kilo saba. Nikachukua kamusi zangu mbili kubwa na kitabu cha ramani, nikapima kwa mizani ya duka la chini, kilo saba kasoro kidogo. Nikazifunga kwenye taulo, nikafanya mazoezi ya kumpokea mjukuu wangu. Nilizipokea mara kumi, na mara tatu zilianguka. Mara ya tatu mwenye nyumba alipanda kuuliza nahamisha kabati au nini.

Ndipo ukafika mlangoni na kuninyooshea mtu, na mimi kichwani nasikia kamusi zinaanguka. Ulipomweka mapajani mwangu nilihisi anaelemea upande wa kushoto, nikaupeleka mkono, haukwenda. Nilisimama kwa hofu. Kusimama ndiko kulikomtelezesha. Nimelala na jambo hilo kila siku tangu Juni.

Maneno yalikuwa matatu tu. Mkono huu haushiki. Wewe ungeyapokea, nakujua. Nikaona afadhali unione mtu mwenye roho mbaya kuliko mtu asiyejiweza. Nilitaka kufa na tai shingoni, na tai hiyo nikaifunga kwenye shingo ya mtoto mchanga. Naona aibu hata kuiandika.

Mwalimu hakujua. Alidhani nimekuambia tulipiga wawili. Nilipomwambia alifunga kifuniko cha piano, akasema hafundishi mtu anayeiba mkono wa mwenzake. Wiki mbili hakunifungulia mlango, ya tatu akafungua.

Kuhusu Babu, umesoma vizuri. Sikuliruka. Nililiandika mara mbili nikalifuta, nikajiambia nitalisaini siku nitakayomshika. Si kwa sababu simtaki.

Lakini ile mistari minne, hiyo haina sahihisho, na sitakudanganya tena. Uliisoma sawasawa. Nilikuonea aibu. Niliwafikiria watu wa chumba cha habari, nani atasema nini, kabla sijakufikiria wewe. Walikuja kunitembelea hospitali mara moja, wakaondoka na magazeti yao. Wewe ulitaka kuacha kazi.

Nakutumia rekodi nyingine, nimepiga peke yangu. Utasikia mapengo, ni pale ambapo kungekuwa na mkono wa kushoto. Mwalimu alitaka tuyajaze, nikakataa.

Baba yako

12 Septemba

Shikamoo Baba,

Nimechelewa kujibu makusudi. Ulikaa kimya wiki saba, na mimi nimekaa tano, bado unanidai mbili.

Nilikasirika zaidi baada ya kusoma kuliko kabla. Kabla nilikuwa na baba mwenye roho ngumu, nimeshazoea. Baada nikawa na baba anayepanda ngazi bila mkono miezi sita huku mimi nikijivuna kazini. Nimekata lenzi tatu vibaya wiki ile, upande wa kushoto zote. Tajiri akaniuliza kama na mimi nataka miwani.

Sahihisho lako nimelibandika kwenye mlango wa kabati langu la vyombo. Litakaa wiki nzima, kama sheria inavyosema. Jirani aliyekuja kuomba chumvi amelisoma mpaka mwisho, akauliza kama wewe ni wa serikalini.

Ile tik, unajua nilidhani ni nini? Nilidhani umeivaa tena pete ya ndoa. Tangu Mama afariki iko kwenye kopo la vifungo, nikasema leo ameitoa, amepona mkono na moyo. Nililia njia nzima mpaka kondakta akanirudishia nauli. Kumbe ni pete ya Mwalimu inagonga mbao. Naona aibu na mimi, Baba. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Na nina langu la kusahihisha. Baada ya Juni niliwaambia watu kazini kwamba baba yangu amemkataa mjukuu wake. Nilisema mbele ya wateja. Jana nilisimama nikawaambia si kweli, na kwa nini. Haikuwa rahisi, uso uliwaka moto. Sasa najua kwa nini ulikuwa unaniandikisha badala ya kunisemesha.

Mistari minne siitupi. Usiniombe. Siku nikiwa tayari nitaitupa mwenyewe, na siku hiyo huenda isifike.

Rekodi ya mkono mmoja nimeisikiliza. Kwenye yale mapengo Bosi anaacha kunyonya, anasubiri.

Sasa sikiliza. Njoo wewe. Begi dogo, la bega la kulia. Kamusi ziache. Mtoto hashikwi kwa vidole tu, kuna mapaja, kifua, kidevu, na mto. Utakaa kona ya kochi, mto mkubwa upande wa kushoto, mimi ndiye nitakayemweka na sitaondoka hapo. Ulisema niweke mtoto kwenye kochi. Safari hii nakuweka wewe.

Mwanao

30 Oktoba

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama, ngazi nimepanda polepole, chuma cha pembeni nimekishika kwa kulia na nikishuka nitashuka kinyumenyume ili chuma kibaki upande wa kulia, usinicheke. Wewe hujambo? Bosi hajambo? Shati langu lina doa la maziwa begani na sijalifua.

Wiki nzima nimekula kwako na kila nilipofuata glasi nilisoma aibu yangu kabatini. Wiki yake ilishapita, nikakuambia, ukasema umesahau kuibandua. Hukusahau. Ni haki yako.

Siku ya kwanza kwenye kochi nilimbana kifuani kwa kulia kama furushi la taulo. Uliniambia, "Baba, pumua, si kamusi." Siku ya tatu ulisogea hatua mbili. Siku ya tano ulikwenda jikoni, na nilijua unachungulia mlangoni, nikajifanya sijui.

Siku hiyo ya tano ulikuwa umetuwekea kile kinanda kidogo cha betri ulichoazima, juu ya meza, mbele yetu. Nilikuwa napiga kwa kulia, yeye mapajani. Simu ilikuwa ndani ya ndara yako. Niliibonyeza irekodi bila kukuambia. Nimemsikilizisha Mwalimu leo, amesikiliza mara mbili, akasema mkono wa kushoto hauna mpango wowote na nisithubutu kuurekebisha. Jumanne tunaendelea na masomo.

Nakutumia. Chini naweka maelezo, ili asije mtu akadai baadaye kwamba alidanganywa.

Mkono wa kulia ni wangu. Mkono wa kushoto nao ni wangu, ila aliyeukamata kidole gumba na kuubamiza kwenye vitufe ni mjukuu wangu, bila kuomba ruhusa. Kipimo cha saba kuna kelele, ni yeye anacheka. Kipimo cha tisa mkono uliteleza, akaurudisha. Makosa yote yameachwa kama yalivyo.

Babu